Kijapani cha Mjomba

Mjomba alirudi kutoka baharini na televisheni, mashine ya video, transfoma ya kupunguza nguvu za umeme, na sanduku zima la kanda za katuni za Kijapani. Basi. Mabaharia wenzake walikuwa wamejenga nyumba za mawe Likoni, wengine wameongeza mke, mmoja ana lori linalofanya kazi kule kwenye matangi ya mafuta Changamwe. Yeye katuni. Watu wa mtaa wetu wa Port Reitz walipokuja kumpa pole ya safari walitupa macho huku na huku wakitafuta jokofu, wakaona sanduku la kanda, wakasema mashallah kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Lakini Mjomba alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Alijua Kijapani. Alisema mwenyewe, tena bila kuulizwa: "Nimefanya kazi meli ya Wajapani miaka na miaka, nyinyi mwadhani tulikuwa twazungumza kwa vidole?" Hilo ndilo lililokuwa jumba lake, na ndilo lori lake. Barazani wakimwita Mjapani alinyoosha mgongo. Kazi aliyopata nchi kavu ilikuwa ya stoo kiwandani, kubeba na kupanga, na bosi wake alikuwa kijana aliyeweza kuwa mwanawe, lakini jioni akirudi watu walimpisha kiti: "Karibu, Mjapani." Mvue Mjomba hicho Kijapani, na anabaki mtu mzima mwenye sanduku la vikaragosi.

Mimi nilikuwa nakaa kwake kwa sababu ya shule, kwetu Junda kulikuwa mbali. Nilikuwa darasa la saba, mrefu kama mlingoti, na nina ulimi. Ulimi huu sikuununua sokoni, nilizaliwa nao, na mkaza mjomba wangu, yaani mkewe Mjomba, aliniambia mara nyingi kwamba hakuna mume atakayeuweza. Hapo alisema kweli, lakini tuyaache.

Hebu niwaeleze hiyo katuni. Ilikuwa hadithi ndefu, ya kanda nyingi, ya binti aliyevaa sufuria kichwani kama taji, anatafuta njia ya kurudi kwao katika nchi ambayo vilima vyake huchoka kukaa mahali pamoja. Kilima kinainuka, kinajinyoosha, kinakwenda kukaa kwingine, kama mgeni wa harusi anayetafuta kiti karibu na feni. Sasa binti wa watu ataijuaje njia? Mfalme wa nchi hiyo alikuwa mtoto mchanga mwenye masharubu. Adui mkubwa lilikuwa jitu la kutisha, wallahi, lakini lina kwikwi, na kila likiinua upanga kumkata mtu, hik! upanga unakwenda kando unakata mti. Na mchoraji wake! Sijui alilelewa na nani. Vita vimepamba moto, mishale inaruka, mara anaacha yote anakuonyesha sisimizi anapanda ukuta. Anapanda. Anateleza. Anapanda tena. Mpaka afike juu ndipo vita viendelee, na ukirudi waliokufa wameshakufa. Mbingu aliichora manjano, mvua ikanyesha kutoka chini kwenda juu. Bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Likoni, mtu wa watu wa kale, alikuwa akitikisa kichwa: "Alochora haya hakuwa na mama wa kumwambia nenda kalale."

Lakini hakukosa Jumamosi hata moja, huyo bibi. Hakuna aliyekosa. Baada ya swala ya alasiri tulitandika mikeka, wanawake na watoto wakaingia ndani, wanaume wakabaki barazani kwa sababu mwanamume mzima haangalii katuni, ila viti vyao vyote vilikuwa vimeelekezwa dirishani. Mkaza mjomba alikaanga viazi karai uani, na harufu ya ukwaju ikaja mpaka puani. Mjomba alisimama kando ya televisheni na kifimbo mkononi.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Na kanda ikaanza. Kijapani kikatoka kwenye televisheni, Kiswahili kikatoka kwa Mjomba, na ukiniuliza mimi, Kiswahili ndicho kilichokuwa sauti ya kweli na kile kingine kilikuwa kelele za mashine. Binti wa sufuria alizungumza Kimvita cha nyanya yake Mjomba. Jitu la kwikwi lilitukana kama nyapara wa gatini. Mfalme mchanga alisema kwa upole wa sheikh anayeomba mchango. Watoto tulicheka mpaka tukajikojolea, na wale wa barazani walicheka kisha wakakohoa ili ionekane walikuwa wanakohoa tangu mwanzo.

Kanda zilikuwa zimerekodiwa kutoka televisheni za huko kwao, kwa hivyo kila baada ya muda kulitokea mwanamke mzuri anaosha nywele ndefu kwa povu jingi. Mjomba hakumruka. Huyu, alituambia, ni Malkia wa Povu, dada yake lile jitu, na kila anapoosha nywele kuna mtu mahali fulani amerogwa. Halafu kulikuwa na mzee anayekunywa supu kwenye kikombe, anafumba macho kwa raha, na huyo alikuwa mganga anaonja dawa kama imeiva. Malkia wa Povu alipendwa kuliko wote. Wanawake walimngojea. Akitokea tu, bibi wa Likoni anasema, "Huyo yuaja, hasidi huyo, tazama nywele!" na mtaani msichana akipitisha muda bafuni aliitwa kwa jina hilohilo mpaka akatoka.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja ndani ya hadithi ambaye alimsumbua Mjomba. Mzee mwenye kichwa cha kitunguu. Kitunguu kabisa, na akikasirika ganda moja linabanduka. Yeyote atakayemkaribia hutokwa na machozi, hata askari wa adui, kwa hivyo hawakuweza kumkamata. Mahali fulani, karibu na mwisho wa kanda moja, mzee huyu anakaa na binti kando ya kisima, anafumba macho, anaanza kusema. Anasema muda mrefu, taratibu, bila muziki. Binti analia, sawa, kila mtu hulia mbele ya kitunguu. Lakini pale hata sisimizi anasimama ukutani kusikiliza.

Na pale ndipo Mjomba alipokuwa hana uongo mmoja. Leo kitunguu anamsimulia binti kifo cha mamake. Kesho anampa wasia wa ndoa. Siku moja, haki ya Mungu, alimfundisha namna ya kupunguza chumvi kwenye mchuzi. Mimi na ulimi wangu nikasema mbele ya watu wote, "Mjomba, juzi si alisema vingine?"

Mkaza mjomba alinifinya pajani, nikaruka. Kisha akaniita uani.

"Abee."

"Wewe mtoto, huna adabu? Wataka kumvua nguo mjomba wako mbele ya majirani?"

"Lakini alisema—"

"Nyamaza. Mjomba wako Kijapani anachojua ni 'asante' na 'bei gani'. Hata hicho 'bei gani' sina hakika nacho."

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akageuza viazi kwenye karai, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mtaa mzima. Kwani sisi wajinga? Mtu atajuaje Kijapani na hawezi kusoma hata maandishi ya boksi la kanda? Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na sisi sote hapa ni waosha. Mtu husitiriwa, mwanangu. Nenda kakae."

Nilirudi nikakaa. Nikawatazama: bibi wa Likoni, wanawake wenye watoto mapajani, wazee wa barazani. Wote wanajua! Na wote wamekodoa macho, wanauliza, "Ehe, halafu akasemaje?" Sikuwahi kuwapenda watu kama nilivyowapenda siku ile.

Nikaanza kumwangalia Mjomba kwa jicho lingine. Asubuhi kabla hajaenda kiwandani nilimkuta mara kwa mara mbele ya televisheni, sauti ameishusha, yuko palepale penye kisima. Anasikiliza. Anarudisha nyuma. Anasikiliza tena, midomo inacheza. Chai yake inapoa pembeni.

Basi zikaja zile siku ambazo wahandisi wa Kijapani walikuwa na kazi upande wa uwanja wa ndege. Mmoja wao, mwembamba, mwenye kofia ya jua kubwa kuliko mabega yake, alipenda viazi karai vya mkaza mjomba kupita kiasi. Alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni. "Shikamoo, mama. Ninaomba kununua viazi, tafadhali." Mkaza mjomba alimpenda, lakini kila akimwona alihesabu siku kwa vidole. Mjapani wa kweli, na Jumamosi yaja!

Akamwambia Jumamosi hauzi. Huku karai linachemka. Jirani mmoja akadokeza kwamba aseme kuna msiba, na wanawake wote wa njia ile wakafuata mkondo: mgeni akichungulia Jumamosi, anaambiwa kwa sauti ya chini, "Pale kuna matanga, baba, usiende." Matanga gani hayaishi! Yule mtu, masikini, akaingiwa na huruma. Siku moja ya katikati ya wiki akaja na mfuko wa sukari, akainama na kuutoa kwa mikono miwili mbele ya Mjomba, akasema, "Pole sana kwa msiba."

Mjomba akapokea. Mgeni alipoondoka akamuuliza mkewe, "Nani kafa?"

"Jamaa wa mbali."

"Wangu au wako?"

"Kunywa chai yako."

Aliyeharibu yote alikuwa kijana wa bara, mpangaji wa chumba cha nyuma, aliyekuwa akifanya kazi Changamwe. Si mtu mbaya. Lakini kwao inaonekana mtu akijua jambo hulisema, na Sheng yake haikuwa na breki. Alikuwa akituambia kila mara, "Njia ya mwongo ni fupi, mtaona." Jumamosi moja akakutana na yule Mjapani njiani akamshika mkono: "Buda, kuja, kuna katuni za kwenu hapa!" Tukashtukia kofia imejaa mlangoni.

Lahaula. Sijaona watu wakifanya kazi kwa umoja kama siku ile. Bibi wa Likoni alimdaka mgeni mkono, akaanza kumwamkia: hujambo, wa kwenu hawajambo, wazee hawajambo, mvua za huko zikoje, mwapanda mpunga, na huo mpunga hujambo? Mwingine akamjazia viazi kwenye kofia. Mtoto akasukumwa akasimame mbele ya televisheni na kuimba kaswida. Mkaza mjomba akapita nyuma ya kabati akachomoa waya, akapiga ukelele, "Jamani, umeme umekwenda!"

"Lakini feni inazunguka," akasema kijana wa bara.

"Feni ina umeme wake!"

Mgeni akakaa kwenye mkeka, kofia ya viazi mapajani, anatazama vidole vya miguu. Sijui ni kiasi gani alichoelewa, lakini alielewa kwamba kuna jambo. Angekula viazi vyake akaaga, na mambo yangekwisha salama. Nilimtazama Mjomba. Macho hayakuwa kwa mkewe wala kwetu. Alikuwa anamtazama yule Mjapani kama mtu mwenye kiu anayeangalia mtungi wa wenyewe.

Kisha akaenda nyuma ya kabati akachomeka waya mwenyewe. Akaisogeza kanda mpaka kwenye kisima. Kitunguu akafumba macho, akaanza kusema.

"Ndugu yangu," akasema Mjomba, "huyu mzee anasema nini?"

Mkaza mjomba akajifunika uso kwa leso. Mimi nilitaka kupiga mayowe, nimwambie mgeni kwamba Mjomba ameuliza kwa kutania, nimwambie chochote, na ulimi huu wa kuzaliwa nao ukakwama siku hiyo tu.

Mgeni akasikiliza. "Samahani," akasema. "Anataja vituo vya gari la moshi."

"Vituo?"

"Ndiyo. Kituo, kituo, kituo. Mpaka mwisho. Halafu anarudi, anataja tena."

"Kwa nini?"

Yule mtu akafikiri sana. "Hatujui. Hata kwetu watu waliuliza. Mchoraji ana... kichwa chake mwenyewe."

Hapo, kwa bahati mbaya zaidi, akatokea mwanamke wa nywele. Bibi wa Likoni akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Na huyu je?"

"Huyo ni tangazo la sabuni."

"Malkia wetu!" akalia mtoto mmoja, na kijana wa bara akaangua kicheko, na watoto wakamfuata, na barazani nako mtu akacheka bila kukohoa. Mjomba akaweka kifimbo juu ya televisheni. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga vizuri. Mkaza mjomba akamfuata chumbani, na hakushusha sauti. "Miaka yote nakusitiri! Mimi na majirani, mpaka sukari ya matanga tumekula! Na wewe wajivua mwenyewe, mchana kweupe!"

"Nilitaka kujua," Mjomba alijibu.

"Umejua sasa. Vituo vya gari! Umefaidi nini? La kuvunda halina ubani!"

Mkaza mjomba akatoka, akaosha karai lililokuwa limeshaoshwa.

Baada ya hapo Mjomba alianza kupita njia ya nyuma akitoka kazini. Barazani walimwita Mjapani bado, lakini sasa kulikuwa na kitabasamu baada ya neno, na yeye, aliyezoea kupishwa kiti, alikuwa akisema ana haraka. Haraka ya wapi? Alirudi nyumbani, akakaa kitandani. Televisheni ilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma, juu yake mkaza mjomba akaweka chombo cha maua ya plastiki, na nikikiona kile chombo nilitamani kukivunja. Niliwachukia wote: mgeni, kijana wa bara, mchoraji na vituo vyake. Hata chakula Mjomba alikula kama anayekula dawa. Usiku nilimsikia mkaza mjomba akimwita jina lake la ujana, na yeye anasema, "Niache nilale."

Jumamosi moja mkaza mjomba hakukaanga viazi. Aliniambia, "Nenda kawaite majirani. Waambie Paukwa." Nikamuuliza kama Mjomba anajua. "Kwani nimekutuma kwa Mjomba?" Nikaenda. Walikuja, wakikanyaga kwa ncha za vidole kama wanaoingia kwa mzazi aliyejifungua jana. Kijana wa bara alikuja akiinamisha kichwa. Mgeni naye alikuja, sijui nani alimwambia. Alivua viatu akakaa karibu na mlango, na bibi wa Likoni akamsogezea mto.

Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa, na Mjomba yumo. Mkaza mjomba akaondoa chombo, akaondoa kitambaa, akatia ile kanda ya kisima. Akasimama kando ya televisheni na mwiko mkononi.

"Paukwa."

"Pakawa," tukajibu kwa mashaka.

Jamani, yule mwanamke alikuwa na vipaji vingi lakini Mungu hakumpa hicho. "Huyu ni msichana," akasema. "Ana sufuria. Anatembea. Hiki ni kilima. Kimesimama. Kimekaa. Huyu mtoto ana masharubu, sijui kwa nini. Wanapigana. Huyu amekufa. Huyu hajafa." Watoto wakaanza kugombania mkeka. Bibi wa Likoni akasema, "Mwanamke, utatuua kwa usingizi." Mkaza mjomba hakumsikiliza. Alikuwa anasema kwa sauti ya juu, juu kuliko ilivyohitajika, na uso ameuelekeza mlangoni.

Kikafika kisima. Kitunguu akafumba macho.

"Huyu ni kitunguu," akasema mkaza mjomba. "Anataja vituo. Changamwe. Miritini. Mazeras. Mariakani. Amemaliza. Sasa anarudi. Mariakani. Mazeras—"

"Siyo hivyo!"

Sauti ilitoka chumbani. Sote tukageuka. Mkaza mjomba peke yake hakugeuka. "Miritini," akaendelea. "Changamwe."

"Siyo hivyo, nasema! Wamharibu!" Mlango ukafunguka, Mjomba akasimama pale na fulana na kikoi, ndevu hazijanyolewa, amekasirika mpaka mishipa ya shingo imetoka. "Hasemi hivyo!"

Mkaza mjomba akamgeukia sasa, mwiko kiunoni. "Kwani wewe wajua Kijapani?"

Nilishika mkono wa bibi wa Likoni. Mjomba akatutazama sote, mmoja mmoja, wale waliomsitiri na wale waliomcheka, mpaka akafika kwa mgeni karibu na mlango.

"Sijui," akasema. "Sikukijua hata siku moja. Lakini huyo mzee namjua."

Hakuna aliyecheka. Mkaza mjomba akakaa mkekani, akavuta miguu kumpa nafasi. "Haya," akasema, "anasemaje?"

Mjomba akakaza kikoi chake, akairudisha kanda nyuma kidogo, akaanza kutuambia.